Mtoto hawezi karanga kabisa, na Desemba tunatakiwa kwenda kwa bibi yake Tabora

mama_wawili_mbagala

Habari zenu jamani. Naandika usiku huu watoto wamelala, mnivumilie itakuwa ndefu maana hili jambo nimelibeba muda na ukimwambia mtu uso kwa uso anakuangalia kama unadekeza mtoto.

Mwanangu wa kwanza ana miaka minne, ana mzio (aleji) wa karanga. Sisemi ule wa kutoka vipele viwili vitatu ukampaka losheni vikaisha, nasema ule unaoweza kuondoka na mtu. Mara ya kwanza alikuwa na miezi kumi na moja, nilikuwa nimemuanzishia uji wa lishe ule wa kununua dukani tayari umechanganywa, mahindi, ulezi, soya, karanga, kila mtu anakwambia ndo unanenepesha. Vijiko vitatu tu mdomo ukavimba na mwili ukatoka mabaka, tukasema ni joto, mama jirani akasema ni meno. Nikampumzisha, kesho yake nikampa tena, akatapika uji wote. Mpaka leo nikikumbuka ile siku ya pili mikono inaniishia nguvu, maana nilimshikilia kichwa anywe.

Tukaacha ule uji, maisha yakaendelea, wala sikujua kama ni karanga. Alipofika miaka miwili na nusu kulikuwa na shughuli kwa jirani, watoto wakagawiwa kashata. Alikula kipande kama nusu ya kiberiti. Hazikupita dakika kumi akaanza kukohoa kikohozi kikavu kama cha mbwa, sauti ikakauka, macho yakafumba kwa kuvimba, akatapika, halafu akalegea mikononi mwangu kama kanga iliyoloa. Watu wakasema amekula sumu, wakamlazimisha maziwa. Mwingine akasema kuna jicho la mtu pale kwenye shughuli. Tulikimbia na bajaji mpaka zahanati ya karibu, wakamchoma Piriton wakasema tusubiri, tunasubiri mtoto anazidi kuwa wa bluu mdomoni, baba yake akambeba tukatoka bila kuaga tukaenda kituo kingine. Pale tukamkuta daktari kijana wa zamu, hakuuliza hata jina, akamchoma sindano ya pajani, baadae ndo nikajua ni adrenalini. Yani ndani ya muda wa kuchemsha chai mtoto akafungua macho akaomba maji. Nililia mpaka nikakaa chini sakafuni.

Tukafanyiwa vipimo, vikatoka karanga. Daktari akatuelekeza tuwe na adrenalini nyumbani. Zile kalamu za kujichoma wanazotumia nje nimezunguka maduka ya dawa sikuzipata, kwahiyo natembea na ampuli mbili na mabomba ya sindano kwenye kikopo, na karatasi ya daktari imeandikwa kiasi chake kwa uzito wake wa kilo 16. Chekechea nimeongea na mwalimu, anakunywa uji niliompikia mimi mwenyewe. Hata mashine ya kusaga nimehama, maana niligundua pale mtaani wanasaga lishe yenye karanga halafu wanamwaga mahindi yangu juu yake bila kusafisha, sasa nanunua mchele nasaga kwa blenda.

Sasa shida yangu. Mama mkwe yuko Tabora vijijini, anataka wajukuu waje Desemba mwezi mzima. Ni mama mzuri sana wala sina ugomvi nae. Lakini kule karanga ndo mboga, mlenda unawekwa karanga, kisamvu karanga, majani ya maboga karanga, matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha) yanaliwa na karanga, na Desemba ndo kipindi cha kupanda kwahiyo familia nzima inakaa uani inamenya karanga za mbegu. Nilipomueleza kwenye simu akasema "baba yake nimemlea kwa karanga hizohizo mbona hakufa, mlete tumzoeshe". Mume wangu ananielewa ila hapendi kumkatalia mama yake. Mimi nimeanza kukosa usingizi na tuko bado Oktoba.

Kuna aliyepitia hili? Niende au nisiende? Na nikienda namwambiaje mama mkwe bila kuonekana nawadharau? Halafu mdogo wake ana miezi mitano, huyu nae nimkataze karanga maisha yake yote? Nisaidieni.

nesi_wa_usiku

Pole sana dada, na hongera maana mtoto yuko hai kwa sababu ninyi wawili hamkukubali kukaa kwenye lile benchi. Mimi ni nesi, nipo idara ya dharura miaka tisa, nitaandika ninayoyaona kazini.

La kwanza naomba kila anayesoma hapa alishike. Piriton, cetirizine na ndugu zake zinatuliza muwasho na vipele. Hazifungui koo lililovimba wala hazinyanyui presha iliyoanguka. Haidrokotisoni, dawa nyingine wanayopenda kuchoma, nayo inachukua masaa kufanya kazi. Kwenye mzio mkali kinachookoa ni adrenalini, inabana mishipa ya damu iliyolegea, inapunguza uvimbe wa koo na inafungua kifua, na inaanza kazi ndani ya dakika chache. Tena iko kwenye orodha ya dawa muhimu, ampuli moja sio ghali. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuthubutu kuichoma mapema, sisi wenyewe wahudumu wengine tunaiogopa, tunaanza na Piriton tukiwa tunasubiri tuone, na kusubiri ndo kunakoua.

Sasa wewe mama wawili, hicho kikopo chako nataka tukikague. Kiasi cha kawaida ni mg 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, na ampuli nyingi za hapa zina mg 1 kwenye ml 1, kwahiyo mtoto wa kilo 16 inakuja ml 0.16, bila shaka daktari wako amekuandikia 0.15 au hapohapo. Soma maandishi ya ampuli kila unaponunua mpya maana upo mkolezo mwingine uliozimuliwa mara kumi, ukichanganya hizo mbili ni balaa. Bomba liwe la ml 1, na usikubali uuziwe bomba la insulini, sindano yake ni fupi haifiki kwenye msuli na alama zake ni za yuniti utachanganyikiwa. Unachoma pajani upande wa nje katikati, moja kwa moja, hata juu ya suruali nyepesi sawa. Usipoona nafuu ndani ya dakika tano na bado hamjafika hospitali unarudia. Hiki kitu usijifunze kwenye simu, rudi kwa daktari wako uombe akufundishe kwa maji kwenye chungwa, wewe, baba yake na mtu mwingine mmoja, mpaka mkono uzoee kuvunja ampuli na kuvuta. Siku ya siku mikono inatetemeka, kitakachofanya kazi ni mazoea. Na mtoto akiongezeka kilo karatasi iandikwe upya.

Ukishamchoma mlaze, miguu juu kidogo, kama anahangaika kupumua mwache akae lakini usimsimamishe wala kumtembeza, presha ikiwa chini kumsimamisha ghafla kunaweza kusimamisha moyo. Kwenye bajaji mlaze kwenye kiti kichwa kwenye mapaja yako. Bodaboda hapana. Na hata akiamka akacheka bado mnakwenda hospitali, mzio unaweza kurudi baada ya masaa kadhaa bila kula kitu kingine, ndo maana tunawaweka muwe chini ya uangalizi.

Kuhusu maziwa ya kutoa sumu, jamani tuache. Mtu anayevimba koo ukimlazimisha kumeza unampalia.

Swali la kwenda Tabora sitajibu niende au nisiende, ila kabla ya kuamua piga simu kituo cha afya kilicho karibu na kwa bibi, omba kuongea na mganga mfawidhi, muulize adrenalini ipo, usiku anakuwepo nani, na kutoka nyumbani mpaka pale ni dakika ngapi kipindi cha mvua. Kwangu majibu ya hiyo simu yana uzito kuliko kitu kingine chochote.

kijana_wa_tegeta

Dada pole ila mi naona bibi ana pointi. Nilisoma kuna utafiti Uingereza wameprove kabisa kwamba watoto wakipewa karanga mapema mzio unaisha. Sasa si ndo kumzoesha huko anakosema bibi? Tusidharau wazee. Mpe kidogo kidogo ncha ya kijiko.

nesi_wa_usiku

Kaka yangu nakuomba taratibu kabisa urudi kusoma ule utafiti, maana watu wataufuata ushauri wako usiku huuhuu.

Ulifanyika London, ukatoka 2015. Walichukua watoto wachanga 640 wa miezi minne mpaka kumi na moja, wenye pumu kali ya ngozi (ukurutu) au mzio wa mayai, ambao walikuwa kwenye hatari ya kupata mzio wa karanga lakini wengi wao hawakuwa nao bado. Wote walipimwa ngozi kwanza na waliovimba sana hawakuingizwa kabisa. Nusu wakalishwa karanga kila wiki, nusu wakakatazwa. Walipofika miaka mitano, kwa wale waliokatazwa kama 17 katika kila 100 walikuwa na mzio, waliolishwa kama 3. Ni matokeo makubwa na yalibadilisha ushauri wa madaktari, maana zamani tulikuwa tunaambia wazazi wachelewe. Lakini hiyo ni KUZUIA kwa mtoto ambae hajapata. Huyu wa dada ameshapata na ameshaanguka. Ni kama kuwaambia watu chanjo ya surua inazuia surua halafu mwingine anaenda kumchanja mtoto ambae tayari yuko taabani na surua.

Kuwazoesha waliokwisha kupata kupo, wenzetu wanafanya, lakini wanaanza na milligramu chache za unga wa karanga zilizopimwa, hospitalini, kitanda kipo, daktari kasimama, miezi na miezi, na hata hivyo wapo watoto wanaoanguka wakiwa kwenye matibabu. Ncha ya kijiko uani kwa bibi hapana kaka.

Mama wawili, kwa yule wa miezi mitano hapo ndo utafiti huu unakuhusu. Usimkataze maisha yote, kumkataza kunaweza kumuongezea hatari. Ila kwa kuwa kaka yake yuko hivyo nenda nae kwa daktari wa watoto kabla hujaanza, hasa kama ana pumu ya ngozi. Akiruhusiwa anapewa iliyosagwa laini kabisa kwenye uji, sio punje, punje zinawapalia watoto wadogo. Na itabidi upange atalishwa wapi na wakati gani ili kaka yake asiguse kile kijiko, hilo ni gumu najua.

kijana_wa_tegeta

Nimekuelewa sista. Nilisoma kichwa cha habari tu. Dada naomba radhi, usimpe.

bint_kisauni

Assalam aleikum dada, mie niko Mombasa, wangu ni wa maziwa na mayai, msichana ana miaka saba sasa. Haya ya kwako nimeyasoma huku moyo wanienda mbio.

Mie alonipata ni shangazi yangu wa kheri kabisa. Mtoto akitapika kwa maziwa ya ng'ombe, akasema mpe ya mbuzi, ya mbuzi hayana neno, hata Mtume kayanywa. Kila mtu huku akwambia hivo hivo ya mbuzi. Nikampa. Akavimba vilevile na usiku tukalala hospitali. Daktari ndo akanieleza protini za maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe zafanana karibu kabisa, asiyeweza haya mara nyingi hawezi na yale. Kwa hivo nawaandikia mama zangu wote wa maziwa, mbuzi si njia.

Sasa kuhusu kwenda kwa watu. Miaka miwili ya mwanzo mie nilijifungia, harusi siendi, Idi siendi, na Idi ndo siku ya watoto kwenda nyumba hadi nyumba kupewa visheti na peremende. Mtoto akalia akaniuliza "mama mie nimekosa nini?" Nikaona hapa namponya tumbo namuua roho. Tukabadili. Siku tatu kabla ya Idi napita nyumba zile sita za jamaa, nawapelekea pakiti ya vitu vyake mwenyewe, nawaambia akija mpeni hiki, msimpe kingine hata akililia. Ataka kupewa kwa mkono wa bibi yake kama wenziwe, ni hivo tu, hajali ni nini. Na yeye mwenyewe nilimfundisha tangu ana miaka mitatu neno moja, "mie nikila maziwa nakosa pumzi", alisema kwa sauti hadi watu wazima washtuka. Mwanao wa miaka minne aweza. Mfundishe asipokee kitu kwa mtu yeyote bila kukuonesha, hata kwa bibi, hata kwa mwalimu, na usimcheke wala kumgombeza akikuletea kitu ambacho hakina neno, mpongeze, ndo atakuja tena kesho.

Jengine, wauza mahamri huku wengine waweka tui tupu, wengine waongeza maziwa ya unga, na mtu yuleyule leo aweka kesho haweki. Kuuliza mara moja hakutoshi. Nauliza kila siku na najua wanichoka. Na mafuta ya kukaangia je? Kaangia yai, kisha bajia, kisha muhogo, mafuta ni yaleyale. Sisi cha kukaanga cha nje hatuli kabisa.

dada_leicester

Pole mama wawili. Sisi tuko Uingereza, mtoto ana miaka tisa, karanga na korosho. Huku sheria zinasaidia sana, kuna vitu 14 ambavyo lazima viandikwe vikiwemo kwenye chakula, karanga ni kimojawapo, na tangu Oktoba 2021 hata sandwichi iliyofungwa palepale dukani lazima iandikwe, hiyo ilikuja baada ya binti mmoja, Natasha, kufa 2016 kwa ufuta uliokuwa kwenye mkate alionunua uwanja wa ndege. Shule nayo inaruhusiwa kuweka kalamu zake za akiba za adrenalini tangu 2017.

Lakini nikwambie ukweli, panaponitisha zaidi sio huko shuleni, ni kwenye shughuli zetu wenyewe Waswahili wa huku. Sinia la bites linapita, kuna kababu, kuna vitumbua, kuna kashata, mtoto mwingine ameshika kashata halafu anachukua kitumbua, tayari kitumbua hicho sio salama. Ninachofanya, mtoto wangu ndo anapakuliwa wa kwanza kabla sinia halijafunguliwa, au anakula alichobeba. Watu wameshazoea.

Na kitu nilichojifunza hospitali huku, kunawa mikono iwe kwa maji na sabuni. Sanitaiza haiondoi karanga, inaisambaza tu. Watu wengi tangu korona wanadhani wakipaka sanitaiza wako safi.

Tukija Tanzania nabeba kalamu mbili kwenye begi la mkononi na barua ya daktari, na muda wake wa kuisha nauangalia kabla ya kukata tiketi.

Mnyamwezi wa Urambo

Mkwe wetu shikamoo sikupi maana we ni mdogo kwangu, nakusalimu tu. Mimi ni wa hukohuko nina wajukuu. Nimesoma yote na nataka nikusaidie kwenye lile la mama mkwe maana hao wengine wamekusaidia kwenye dawa.

Ukimwambia mama wa kijijini "mtoto ana mzio wa karanga" hajakuelewa, na si kwamba ni mbishi. Kwake karanga ni chakula cha mgonjwa, ndio anachompa aliyekonda, aliyejifungua. Umemwambia kitu kama kwamba mtoto anadhurika na maji. Sasa atakuona wa mjini.

Lakini kuna kitu kimoja Tabora hakuna asiyekijua. Nyuki. Sisi ni watu wa asali, mizinga imejaa porini kuanzia Sikonge mpaka huku. Na kila kijiji kinamjua mtu ambae nyuki mmoja tu alimuangusha. Wenzake wanang'atwa thelathini wanapaka matope wanaendelea kurina, yeye mmoja tu, mwili unavimba, koo linaziba, anazimia, na wengine tuliwazika. Na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kusema tumzoeshe kwa kumpeleka mzingani. Mtu huyo tunamwambia usikanyage porini msimu wa kurina, basi. Nimeuliza binti yangu ambae ni tabibu akasema ndio baba, ugonjwa ni uleule, mwili unaona adui pasipokuwa na adui, mmoja kwa sumu ya nyuki mwingine kwa karanga.

Kwahiyo mwambie hivi, "Mama, mjukuu wako karanga kwake ni nyuki." Usiongeze neno lingine. Ataunganisha mwenyewe, kila mtu ana wake aliyemuona.

La pili, neno hilo lisitoke kwako, litoke kwa mwanae. Samahani lakini mumeo hapo amekuachia mzigo wake. Mama akikatazwa na mkwe anasikia ametengwa, akikatazwa na mwanae aliyemzaa anasikia kuna jambo zito. Na amwambie siku hiyo kwenye ile bajaji aliona nini, kwa mdomo wake, mtoto alivyolegea. Wanaume huwa hatusimulii vitu hivyo, tunasema tu "aliumwa kidogo akapona". Mama yake hajui kabisa kilichotokea, ninao uhakika.

La tatu, Desemba kweli ni kumenya mbegu, vumbi la maganda liko uani pote, mikeka, vinu, mifuko ya watoto. Nendeni baada ya kupanda, Januari mwishoni hivi, karanga zimeshaingia ardhini. Hata kinu kitakuwa hakitwangi karanga sana maana akiba inakuwa imepungua. Si Desemba tu ndio wajukuu wanaruhusiwa.

nesi_wa_usiku

Mzee umeniongezea kitu cha kuwafundishia watu wodini, asante sana, la nyuki ni sahihi kabisa na hata dawa yake ni hiyohiyo adrenalini.

Niongeze kwenye vumbi. Harufu tu ya karanga kwenye chumba mara nyingi haimwangushi mtoto, na ikimgusa ngozi mara nyingi anatoka vipele pale ilipogusa. Hatari kubwa ni mkono kwenda mdomoni, na mtoto wa miaka minne mkono unaenda mdomoni siku nzima. Ila kwenye kumenya na kutwanga unga wenyewe unaruka hewani, hapo asiwepo. Na mafuta ya karanga ya kukamua mashine za mtaani yana protini, msimpikie.

mama_wawili_mbagala

Nimerudi baada ya siku nne. Nimesoma kila mstari mara mbilimbili na mume wangu nae nimempa simu akasoma, kufika kwa mzee wa Urambo alinyamaza muda mrefu akatoka nje.

Jana jioni akampigia mama yake, akaweka spika. Akamsimulia yote, kikohozi, midomo ya bluu, alivyombeba pale zahanati, vitu vingine hata mimi nilikuwa sijui, kumbe njiani mtoto aliacha kabisa kupumua kwa muda na yeye akawa anamtikisa na mimi nilikuwa mbele kwa dereva sikuona. Halafu akamwambia lile la nyuki. Mama mkwe akawa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Akasema "kama Saidi." Saidi alikuwa kaka yake, alikufa kijana, porini, mimi nimeolewa miaka saba sijawahi kulisikia hilo jina. Akalia. Akasema karanga zote anazihamishia kwa mdogo wake ng'ambo ya barabara na vinu viwili nae, na atanunua sufuria mpya ya mjukuu. Halafu akaniita, akaniambia "mama, kwanini ulikaa nalo peke yako."

Tumekubaliana mwisho wa Januari, siku kumi sio mwezi, na mimi nipo nao muda wote, napika mwenyewe siku za mwanzo mpaka mikono izoee. Kituo cha afya nilipiga, mganga mfawidhi ni mama mmoja mzuri sana, adrenalini wanayo, usiku kuna mhudumu, ni kama nusu saa hivi mto ukiwa haujajaa, kwahiyo naongeza ampuli ziwe nne. Jumamosi tunaenda wote wawili kufundishwa kuchoma kwa chungwa, na dada wa kazi nae anakuja. Mtoto nae leo nimeanza kumfundisha sentensi ya bint Kisauni, anaisema akiwa amesimama juu ya kochi.

Mdogo wake daktari amesema tumpeleke wiki ijayo, ana ukurutu kidogo kwenye mashavu.

Swali la mwisho nesi. Tutapanda treni ya mwendokasi mpaka Dodoma halafu basi mpaka Tabora. Januari joto, zile ampuli nizibebeje, niweke kwenye barafu?

nesi_wa_usiku

Barafu hapana, isigande na isipate joto kali. Ziache kwenye boksi lake zisipigwe na mwanga, zifunge na kanga, ziweke kwenye pochi unayoivaa mwilini upande wa mbele. Sio kwenye buti la basi, sio dirishani, sio kwa kondakta. Mkifika zikague, dawa ikiwa angavu kama maji safi, haina rangi, sawa, ikigeuka rangi ya waridi au ya chai tupa nunua nyingine. Na mabomba ya sindano beba manne, sio mawili, moja huwa linaanguka chini.